Ndege wa Ulaya Uani Kwetu

Shuleni mimi sisemi. Hata nikiitwa jina, huinua mkono tu. Lakini Jumatatu, kwenye chama cha ndege, nilisimama nikasema kwamba uani kwetu Malindi kuna ndege mwimbaji wa Ulaya, mwenye kifua cha rangi ya chungwa, asiyefika pwani hii. Nikaonyesha picha. Ilikuwa na ukungu, ila kifua kilionekana.

"Mwanaisha, umetuletea jambo kubwa," akasema Mwalimu Zawadi. Wenzangu wakapiga makofi. Wiki nzima watu walinijua jina.

Jumamosi chama kizima kilijaa uani kwetu na darubini moja. Babu alikuwa barazani akijitia hina ndevuni, kama kila wiki.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba. Mwatafuta nini?"

"Ndege mgeni," nikanong'ona. "Mwenye kifua cha chungwa."

"Nani, shomoro wangu?"

Nikamwambia siye. Nikaeleza, kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa mbele za watu, kwamba shomoro hana rangi ile, na kwamba huyu katoka mbali, kapotea njia.

Hapo ndege akashuka. Akatua ukingoni mwa bakuli la hina, akatazama huku na huku kama mwenye nyumba, kisha akajitosa kifua.

"Hunimalizia hina huyu," babu akalalamika. "Mfukuzeni."

Mwalimu akashusha darubini. Akamtazama ndege, akazitazama ndevu za babu, halafu akauliza taratibu, "Mwanaisha yuko wapi?"

Nyuma ya wenzangu, nikainua mkono.