Mkanda Niliotaka Ufutwe

Nakumbuka Jumapili moja pale Buguruni, enzi zile video zilipoanza kuingia mitaani, nilipokwenda kwenye kibanda cha video kujitazama kwenye televisheni kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nauza vitambaa dukani kwa baba, ila moyo wangu wote ulikuwa kwenye maigizo. Kikundi chetu kilimwomba Musa, aliyekuwa akirekodi harusi, atusaidie na kamera yake, tukatengeneza filamu. Mie nikawa Mwajuma, binti anayehangaika kujijua: mara anashona, mara anapika kwa mama ntilie, hadi anapokuta raha yake katika kutengeneza redio.

Mwanangu, kasoro hazikukosekana. Namlilia mama aliyefariki, jogoo wa jirani anawika. Naingia mlangoni na kanga nyekundu, natokea upande wa pili na ya bluu. Kibanda kizima kikaangua kicheko. Nilivumilia walipocheka mara mbili. Ya tatu nikatoka kwa mlango wa uani, nimejifunika ushungi.

Kesho yake nikamwambia Musa aufute ule mkanda. Ulikuwa huo huo mmoja, nakala hatukuwa nayo. Alinitazama kwa huzuni, akasema basi, Jumamosi atarekodia harusi juu yake. Hasira hasara, na ujanani hatuambiliki.

Baba hakuwa msemaji. Ijumaa, baada ya swala, tukiwa tunakunja vitambaa, akaniambia, "Jumapili ulitoka mapema."

Sikujua kwamba alikuwepo.

"Nilikaa benchi la nyuma," akasema. "Yule binti alipomwambia baba yake, 'Baba, dukani nakusaidia, lakini maisha yangu hayapo hapa,' watu walinyamaza kimya. Na mie nikanyamaza. Nilijua ni wewe unayeniambia."

"Lakini walinicheka, baba."

"Walimcheka jogoo. Tena waliocheka walikaa hadi mwisho. Aliyeondoka ni wewe. Hakuna masika yasiyo na mbu."

Ikabidi nimweleze habari ya mkanda. Hakunikaripia. Alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya ila kwa msiba. Tulimkuta Musa keshauweka kwenye kamera, tayari kwa harusi ya kesho.

"Kijana wangu," baba akamwambia, "huo ni mkanda wa binti yangu. Tunauomba."

Musa aliutoa haraka, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuombwa.

Wiki iliyofuata ukaonyeshwa tena. Safari hii nilikaa mbele, ubavuni kwa baba, na jogoo alipowika nilicheka kuliko wote. Ilipokwisha, kina mama wakanishika mikono wakiniita Mwajuma. Baba akawaambia, "Huyo ni wangu." Mcheza kwao hutunzwa, na mie nilitunzwa kwa maneno hayo matatu. Nimefundisha maigizo miaka mingi tangu hapo, na bado natembea nayo kifua mbele.

Basi nisikilize, mwanangu. Kazi yako ya kwanza haitakosa dosari, na watakaoicheka hawatakosekana. Usiifute kwa aibu ya siku moja. Kaa uitazame yote, ujifunze, maana huenda katikati ya makosa yako umesema neno la kweli ambalo nyumbani ulishindwa kulisema. Mola akupe moyo wa kuthubutu, akujaalie na mtu wa kukaa benchi la nyuma kwa ajili yako.