Doa la Manjano Juu ya Paa

Mume wangu anatengeneza sola inayokunjika. Si ile ya kioo inayomvunja mgongo anayeibeba. Yake ni karatasi ya plastiki iliyopakwa wino mweusi. Unaikunja kama leso na bado inatoa umeme. Wino huo ni ndoa ya chumvi mbili: moja ina kaboni kama vitu vyenye uhai, nyingine inatokana na madini ya risasi. Kwa sababu hiyo risasi ni sumu, akirudi kutoka maabara hambebi mtoto mpaka aoge, hata mtoto alie vipi. Majirani wanamwita Bwana Jua. Mimi karatasi yake naiita mke mwenza, na mwenyewe Bwana Jua hajawahi kukataa.

Ubaya wa huyo mwenzangu ni mmoja, havumilii maji. Unyevu kidogo ukipenya, weusi wote unageuka manjano na umeme unakwisha. Ujana wa mume wangu umeishia kwenye kuziba kingo za hiyo karatasi, leo gundi hii, kesho gundi ile, mpaka nikapiga marufuku neno gundi mezani kwangu.

Mwaka huu wafadhili nao walichoka. Wakasema karatasi moja iwekwe juu ya paa la maabara msimu mzima wa mvua, isiguswe wala isifunikwe. Ikipona, kazi inaendelea. Ikifa, maabara inafungwa. Alikubali huku anacheka.

Mvua hazijakolea, siku moja akarudi, akaoga, akapita bila kumbeba mtoto.

"Kuna doa pembeni," akasema. "Kama punje ya dengu."

"Si upake gundi?"

"Nikiigusa, jaribio limeharibika."

"Kwani nani atakuona?"

"Nitajiona mwenyewe, mama watoto."

Nilimkasirikia kwelikweli. Mtu gani huyu, nyumba yake inavuja, gundi anayo mkononi, na amekaa tu?

Jana mvua ilianza asubuhi na haikutaka kukatika. Mlinzi wa maabara akanipigia simu. "Shemeji, njoo umchukue bwana. Yuko juu ya paa analoa." Nilipanda ngazi na mwavuli wangu, nikamkuta ameketi kwenye zege, karatasi ameipa mgongo. Nikataka kumfunika.

"Usitie kivuli huku," akasema. "Kipimo cha umeme kitashuka."

Nikaufunga mwavuli, nikakaa karibu yake, tukaloa wote.

"Siwezi kuangalia," akasema. "Niangalizie wewe. Doa limefika wapi?"

Nikageuka. Manjano yalikuwa yameshapita katikati. Weusi uliobaki ulikuwa ukanda mwembamba upande wa pili, nao unaliwa hivihivi naona. Nilitamani kuilalia ile karatasi niikinge kwa mwili wangu.

"Bado liko pembeni," nikamwambia.

"Asante," akasema, wala hakugeuka kuhakikisha.