Mawese ya Mama Asia

Siku ya kwanza Mwamvua kukutana na Bazilio, fundi magari wa Kasulu, hakumsalimu. Aliegesha pikapu yake ya Pijo mbele ya kibanda cha fundi, akateremka, kanga kiunoni.

"Wiki iliyopita dereva wangu alikuletea kabureta uisafishe. Tangu uishike, gari halichanganyi! Nakanyaga mafuta, linakohoa moshi mweusi. Mlima wa Nyakitonto umelishinda!"

Alikuwa na sababu ya kuwaka. Wakulima wa Nyakitonto walimwambia asipofika Jumamosi, maharage yao ya kupelekwa Kibondo yatapanda lori la Stanislaus, mshindani wake. Mwamvua alianza biashara na kapu la dagaa kichwani. Hakuwa tayari kurudishwa huko na fundi.

Bazilio hakutishika; soko zima lilimjua Mwamvua kwa jina la Mama Asia. "Mama Asia, kosa likiwa langu, chukua spana zangu zote. Likiwa lako, utalitangaza sokoni kwa sauti hiyohiyo."

"Fungua!"

Kabureta ilikuwa safi. Plagi zilijaa masizi.

"Petroli inafika, hewa haifiki. Asubuhi linakuwaje?"

"Asubuhi ndiyo halifai kabisa. Jua likiwaka linapata nafuu."

Fundi akafungua bakuli la kuchujia hewa, lile linalotiwa oili ya kunasa vumbi. Ndani mlikuwa na kitu chekundu kimeganda kama ugali wa jana, kimeziba wavu wote.

"Nini hiki?"

"Mawese. Niliyatia wiki hiyohiyo. Oili imeadimika, na mimi nauza mawese. Mafuta si mafuta?"

"Yako yanaganda dukani kila asubuhi ya baridi, unayapasha motoni ndipo unauza. Uliona injini ina jiko?"

Waliokuwa kibandani wakaangua kicheko. Mwamvua akawageukia. "Chekeni! Nyie mna oili?"

Bazilio akaosha wavu kwa mafuta ya taa, akatia oili kuukuu aliyoichuja kwa kitambaa. Pikapu ikachanganya mara moja.

Ijumaa, Mwamvua alipanda juu ya bodi ya pikapu yake sokoni. "Sikilizeni! Nilitia mawese kwenye gari, Bazilio hana kosa! Na walioficha oili waone haya!"

Bazilio akapata madereva hadi wa Buhigwe. Mwamvua akabaki na mzigo wa Kibondo, Stanislaus akarudi na lori tupu. Lakini tangu siku ile, kila anayenunua mawese kwake huomba apunguziwe, akidai yamekombwa kwenye injini. Mwamvua humtukana kwanza, kisha humpunguzia.