Unga wa Jua

Watu wakinikuta juu ya bati nafunga paneli za sola, huniuliza ilikuwaje mwanamke nikachagua kazi hii. Huwajibu kwamba nilipenda sayansi tangu shule. Si kweli. Nilijifunza umeme ili nimkomoe mtu mmoja.

Alikuwa jirani yetu, na alikuwa na mashine ya kusaga. Kijiji chetu kiko juu ya Lushoto, upande wa kwenda Kwai, na enzi hizo mashine ilikuwa hiyo moja tu, ya dizeli, iliyokuwa ikitoa moshi mweusi hadi kwenye kabichi za watu. Baba alipofariki nilikuwa darasa la tano. Haukupita muda tukakuta mimea ya mpaka imehamia ndani ya shamba letu. Mama alikwenda kushtaki kwenye baraza la kijiji, na baraza likampa haki. Jirani akairudisha mimea mahali pake bila kusema neno.

Neno lake tulilipata mashineni. Mama alifika na mahindi yake asubuhi, akapanga foleni. Kila zamu yake ilipofika, jirani alimwita mtu wa nyuma yake. Jua likaelekea kuzama, tukabaki mimi na mama.

"Shikamoo kaka," mama alimwambia. "Nafikiri sasa ni mimi."

"Mashine imejaa," alisema, na mashine ilikuwa tupu. Kisha akaizima.

Ikawa hivyo kila tulipokwenda. Hakuna aliyetutetea, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mahindi ya kusaga. Tukaanza kuteremka bonde zima kwenda mashine ya kijiji kingine, kisha kupanda tena na unga kichwani. Siku moja mvua ilitukuta njiani. Gunia likalowa, unga ukageuka uji, ukaanza kumchuruzika mama usoni. Aliketi chini kwenye tope, akaanza kuukwangua kwa viganja na kuurudisha kwenye gunia. Nilimsaidia. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na nikiwa pale chini niliapa kwamba yule mzee atakuja kusimama mbele ya mama yangu akiomba kusagiwa.

Nilipomaliza sekondari niliomba chuo cha ufundi. Baadaye nilipata kazi Mombo, kwenye duka la vifaa vya sola. Pale ndipo nilipoona jinsi watu wanavyoutaka umeme. Mtu alikuja kununua taa moja, mwezi uliofuata akarudi kwa ajili ya televisheni, halafu friji, halafu pampu ya kumwagilia. Nguzo za gridi zilikuwa zimefika sehemu nyingi, lakini mgao nao ulikuwepo, na watu wa milimani walichoka kungoja. Wenzangu dukani waliona biashara. Mimi kila nilipobeba paneli niliuona uso wa jirani yetu.

Niliporudi kijijini kufungua mashine yangu ya kusaga, nilianza na upepo. Pale juu ya kilima chetu upepo huvuma kama umetumwa, nikasema niutumie. Nilisimamisha mlingoti wenye panga za kuzungushwa na upepo, na kwa wiki chache uliwasha taa vizuri. Kisha ikaja dhoruba, upanga mmoja ukang'oka, ukaangukia kwenye migomba. Jirani alipita siku iliyofuata na fimbo yake. Nilimwamkia, maana kwetu huwezi kumpita mtu mzima bila shikamoo hata kama unamtamani akiwa kaburini.

"Marahaba," alisema, akiangalia juu. "Sasa utasaga nini, mwanangu? Ukungu?"

Alicheka mpaka akakohoa. Lile cheko nililiweka pamoja na unga uliolowa.

Nikahamia kwenye jua. Ukungu aliousema ulikuwa tatizo kweli, kwa sababu huku kwetu miezi ya baridi jua linaweza kuchelewa hadi mchana. Nikafunga paneli nyingi kuliko zinavyohitajika uwandani, nikaongeza betri, nikawaeleza watu kwamba siku ya ukungu tutaanza kusaga saa tano. Mota ya mashine ilipowaka mara ya kwanza, mama alitoka jikoni akauliza mbona haina kelele.

Jirani hakukaa kimya. Alieneza maneno kwamba unga wa jua hauna ladha, tena unawamaliza wanaume nguvu. Watu walicheka, lakini hawakuja. Wa kwanza kuja walikuwa mke wa mwalimu wa madrasa na mama mmoja wa kwaya ya Kilutheri, waliofika pamoja na madebe yao. Wiki iliyofuata yule wa kwaya alitangaza kisimani, mbele ya wanawake wote, kwamba mume wake hana upungufu wowote. Kuanzia hapo foleni ilikuwa kwangu.

Dizeli nayo ilikuwa ikipanda bei. Niliusikiliza mngurumo wa mashine yake ukipungua, kutoka kila siku hadi siku za gulio, kisha siku moja moja. Ulipokatika kabisa nilikuwa nachuma maharage. Nilisimama kati ya mashamba nikatabasamu peke yangu kama mwehu.

Alikuja mwenyewe, Jumamosi, watu wakiwa wengi. Alikuwa amebeba nusu gunia begani. Mkewe alikuwa mgonjwa, na wanawe walikuwa mjini. Aliniamkia yeye kwanza, kitu ambacho hakikuwahi kutokea.

Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu langu kwa miaka. "Mashine imejaa," nikasema.

Mzee alishusha gunia, akakaa juu yake. Niliwasagia wote waliokuwepo, na hata waliofika baada yake, na kila nilipomruka nilihisi kitu kitamu kikiteremka kooni. Mama alikuwa ameketi mlangoni akipokea watu, akatazama yote. Mwisho akasema, "Msagie."

"Simsagii."

Mama aliinuka. Nilidhani atanigombeza mbele ya watu, lakini alimgeukia mzee.

"Kaka, ulininyima mashine kwa sababu gani? Waambie hawa."

Mzee aliinuka kwenye gunia lake. "Kwa sababu ya mpaka," akasema.

"Mpaka ulikuwa wa nani?"

"Wenu."

"Sema kwa sauti, mashine hii haina kelele."

"Ulikuwa wenu!" akapaza sauti.

Mama akachukua gunia, akawasha swichi kwa mkono wake, akamsagia. Kwake yalikuwa yamekwisha, na usiku ule alilala vizuri. Mimi sikulala vizuri. Nilihisi nimenyang'anywa mdomoni kitu nilichokitafuna nusu.

Miezi michache baadaye mkwe wa mzee alinipigia simu kutoka Tanga. Walitaka wazee wawekewe sola nyumbani: taa, redio na kifaa kidogo cha kupasha maji ya mgonjwa. Mama alidhani nitakataa. Nilikubali siku hiyohiyo, na kazi niliifanya safi, waya zote zimenyooka, kwa sababu sitaki aseme popote kwamba nilimharibia.

Ila sikwenda na msaidizi. Nilipofika nilisimamisha ngazi ukutani, nikamwambia mzee kwamba ardhi yake ina utelezi, anishikie. Akashika kwa mikono miwili. Nilipanda hadi juu ya bati na kuanza kufunga bolti ya kwanza, polepole, huku nikimsikia akihema kule chini. Baada ya muda akauliza kama bado sana.

"Bado, mzee," nikamjibu. "Shikilia hivyohivyo."