Kidole cha Nadine

Katika bonde la Laurel Lick, Virginia Magharibi, milima imebanana kiasi kwamba jua huchungulia tu, likaondoka kabla hujamaliza kuanika soksi. Chai ya barafu ya huko ina sukari nyingi, kijiko husimama chenyewe katikati ya glasi na kuomba msaada. Ndiyo maana Twyla Mullins hakukosa wagonjwa hata siku moja.

Twyla alikuwa muuguzi wa daraja la kutibu: anapima, anaandika dawa, anapandisha na kushusha insulini, na daktari wa mjini humpigia simu tu akikumbuka. Zahanati yake ilikuwa jirani na kanisa. Alizaliwa bondeni humo, na wazee aliowatibu walimjua tangu anatambaa na kula udongo. Mwaka aliofikisha arobaini na tano akajiandikisha kufanya mtihani wa cheti cha ubingwa wa kisukari. Kitabu chake kilikuwa kinene. Akikiangusha, mbwa wa ng'ambo ya mto hubweka.

Kwenye chakula cha Jumapili, baada ya ibada, Nadine Stidham alimkuta amekifungua kando ya sahani.

"Unasoma nini tena, Twyla? Si unajua kila kitu?"

"Nasomea sukari zenu, Bi Nadine."

"Na hao wakubwa watajuaje kama umeiva?"

Twyla, mdomo umejaa maharage na mkate wa mahindi, akatania: "Watawaangalia ninyi. Sukari zenu zikishuka nimefaulu, zikipanda nimeanguka."

Akacheka peke yake. Nadine hakucheka. Alikwenda nyumbani moja kwa moja, akamsimamia mumewe.

"Orville, mtoto wa Hobert ataanguka mtihani kwa ajili yako."

"Mimi? Nimemfanya nini?"

"Sukari yako, babu wee! Jana mia tatu na ngapi?"

Orville alikuwa amechimba makaa ya mawe chini ya ardhi na Hobert, baba yake Twyla, na Hobert ndiye aliyemburuta kutoka kwenye kifusi dari ya mgodi ilipoporomoka. Mambo ya namna hiyo hayasahauliki Laurel Lick. Basi akaitazama keki ya matufaha iliyokuwa mbele yake, akaimaliza kwanza ili afikiri vizuri, kisha akauliza, "Wewe kisukari huna, sivyo?"

"Sina."

"Lete kidole."

Tangu hapo kila asubuhi Nadine alitobolewa yeye, na mashine ya Orville ya kupimia sukari ikaandika sukari ya Nadine: mia na tano, mia na kumi, tamu kuisoma. Wengine bondeni nao wakapata akili zao. Inasemwa hata mbwa wa kina Vance alitobolewa sikio, ikaonekana ana afya kuliko kanisa zima. La mbwa usiliapie. La Nadine ni kweli tupu.

Orville alipopeleka mashine zahanati, Twyla aliruka kitini.

"Mzee Orville! Umefanyaje?"

"Nimeacha chai," akasema Orville, akamtazama mkewe. Mkewe akatazama dari.

Siku zote Twyla alikuwa akimvua viatu amkague miguu, maana sukari hula hisia za nyayo polepole, mtu akaumia asijue. Lakini buti za Orville zilikuwa za mgodini, kamba hadi karibu na goti, na kuzifungua kulichukua muda wa nyimbo mbili na sala. Nje wagonjwa walikuwa wamejaa, na kitabu kilikuwa kinamsubiri mezani.

"Nivue?" Orville akauliza.

"Kwa sukari hii? Acha, usijisumbue."

Na ziara iliyofuata akamwambia vivyo hivyo.

Sasa, ipo damu nyingine inayotolewa mkononi na kupelekwa maabara mjini, nayo husema sukari ilivyokaa miezi mitatu nzima. Damu hiyo Nadine hakuweza kuichangia. Jibu likarudi: juu, juu sana. Twyla akakunja uso. Mashine inasema hivi, maabara inasema vile, nani mwongo?

Mtu ambaye hakusoma angeuliza. Twyla alikuwa amesoma. Juma lile lile alikuwa amemaliza sura inayosema kwamba mtu aliyepungukiwa madini ya chuma mwilini, kipimo cha miezi mitatu huweza kusoma juu kuliko ukweli. Na Orville alipungukiwa damu tangu kidonda cha tumbo kilipomsumbua. Twyla alifurahi kama kuku aliyetaga mayai mawili kwa mpigo. Akampigia Nadine simu, akamweleza yote, na sauti ilikuwa ya mtu anayejisikiliza.

"Kwa hiyo," Nadine akasema taratibu, "kile cha kidoleni ndicho cha kweli?"

"Ndicho hicho. Nitampa vidonge vya chuma. Insulini tuiache ilivyo."

Nadine alikuwa amekwisha kufungua mdomo aseme. Akaufunga. Akajiambia, mtoto akishatoka kwenye mtihani wake, nitasema.

Siku ya mtihani Twyla aliendesha gari hadi Charleston, wakamkalisha mbele ya kompyuta. Maswali yalikuja, naye akayajibu kama anayeokota njugu. Hadi likaja moja: mgonjwa ana mashine yenye sukari nzuri na kipimo cha miezi mitatu kilicho juu, utaanza na lipi? Jibu la madini ya chuma lilikuwapo, la tatu. Jibu la kwanza lilisema: mwambie apime mbele yako.

Twyla alibonyeza la kwanza. Lilikuwa sahihi, alijua. Na alipolibonyeza, akaiona akilini ile mashine barazani kwa akina Stidham, na hakukumbuka hata mara moja kumwona Orville akijitoboa.

Skrini ilipomwambia amefaulu hakungoja chochote. Alirudi milimani kwa mwendo ambao malori yalimpisha.

"Umefaulu?" Nadine akapiga kelele kutoka barazani.

"Nimefaulu. Lete mashine. Mzee Orville, jitoboe hapa, nione."

Orville hakusogea. Nadine, kwa mazoea, alikuwa amekwisha kunyoosha kidole chake.

"Chake, Bi Nadine. Si chako."

Mashine iliandika karibu mia nne. Twyla akapiga magoti, akaanza kufungua kamba za buti. Ya kulia ilikuwa salama. Ya kushoto ilitoa harufu kabla ya mguu. Msumari wa kuezekea paa ulikuwa umepenya soli, na Orville alikuwa ameutembelea sijui majuma mangapi, akienda kanisani na kurudi, asisikie kitu.

"Tulitaka ufaulu tu, mwanangu," Nadine akasema.

"Hawakuuliza sukari ya mtu, Bi Nadine. Ulikuwa mtihani wa kompyuta. Mimi nilitania."

Nadine akavitazama vidole vyake, vimetobolewa kama chujio, akavificha chini ya aproni.

Mjini walimkata Orville mguu chini kidogo ya goti. Cheti kilipofika kwa posta, wanawake wa kanisa walioka keki ya matufaha, kwa kuwa walikwisha kuahidi, na Twyla akaila, kwa kuwa kuikataa kungekuwa matusi.

Jioni akamfuata Orville aliyekuwa kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na dirisha.

"Bingwa," Orville akasema, kwa utani wake wa zamani. "Wanakuongezea mshahara?"

"Mzee Orville, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Mwongo ni mimi na huyu bibi."

"Kipimo kilikuja juu. Ningekuuliza tu. Mngeniambia?"

Orville alifikiri kwa haki, kama mtu anayepima mbao kabla ya kukata.

"Nisingekwambia," akasema. "Ningekuapia kwa mama yangu kwamba ni damu yangu." Kisha akageuzia uso dirishani. "Lakini ungeuliza, Twyla. Ungeuliza."

Twyla akakaa naye mpaka Nadine alipowasha taa.