Nilivyokataa kutoa head ya lori kwenye majivu mke wangu akiwa na uchungu

Wakuu, salamu kutoka Mundika. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na mke wangu yuko hapa jikoni. Nikiongeza chumvi atanisuta.

Miaka ya sitini, muda mfupi baada ya Uhuru, nilikuwa fundi wa head za lori, vile vifuniko vizito vya juu ya injini, kwenye gereji moja Busia, karibu na mpaka. Mashine ya kusawazisha head hatukuwa nayo. Tulikuwa na kioo kinene, msasa na mikono.

Mke wangu Nekesa alikuwa na mimba ya pili. Mtoto wa kwanza tulimzika. Sista wa misheni akampima, akasema mtoto amelala kingama tumboni, uchungu ukianza tu apelekwe hospitali.

Gari la karibu lilikuwa moja, lori la jirani yetu Wandera. Akakubali kumpeleka. Vijana, msiniulize ambulance. Boda boda yenyewe ilikuwa baiskeli, na mama wa hali ile humpandishi baiskeli.

Sasa lori likachemsha likitoka Malaba na mzigo.

Nikafungua head. Nikaipaka mafuta ya taa, nikaifuta kavu, nikapaka chaki juu. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa hupenya yakaonekana kwenye chaki. Mstari mweusi ukajichora kati ya valvu mbili: ufa.

Head ya chuma haichomelewi hivi hivi. Unaipasha kwenye makaa mpaka iwe nyekundu, unachomelea, kisha unaizika kwenye majivu ipoe yenyewe. Ukiitoa ingali moto, upepo ukiipiga, utasikia "ting!" Hapo imepasuka tena, na head nyingine ilikuwa Nairobi.

Niliizika jioni. Asubuhi nikaona watu wanakuja wamembeba Nekesa kwa machela, mamake nyuma. Uchungu umeanza. Wakamlaza nyuma ya turubali.

Nikatia mkono kwenye majivu. Moto.

"Boss, toa hiyo kitu twende!" Wandera akasema. "Itapoa kwa njia."

"Ikipasuka hatuendi popote."

Mama mkwe akanishika shati. "Wewe unachunga chuma na mtoto yangu anakufa?"

Niliogopa, wakuu. Nikiitoa mapema nitamuua. Nikichelewa nitamuua. Kila Nekesa alipolia nilishika koleo, kisha nikaliweka chini.

Jua lilipofika utosini, majivu yakakubali mkono. Nikaitoa, nikaigonga kwa nyundo ndogo. Head nzima hulia kama kengele. Yenye ufa hutoa sauti butu.

Ikalia.

"Imelia?" Nekesa akauliza kutoka nyuma ya turubali. Mke wa fundi anajua.

"Imelia, mama."

Bado ilibaki kusawazisha. Pale nilipochomelea palikuwa pamevimba, na isipolala bapa, gasket inayoziba kati yake na injini inaungua njiani. Wandera akashika upande wa pili, tukaisugua pamoja kwenye msasa juu ya kioo, mbele na nyuma, mpaka ikalala. Tukaifunga kwenye lori, tukampakia Nekesa.

Kwetu, fundi aliyefunga head hupanda lori safari ya kwanza ili aisikilize. Siku hiyo sikio moja lilikuwa kwa injini, moja kwa mke wangu. Kila mlima niliona mvuke hata pasipo na mvuke.

Halafu Nekesa akanyamaza kabisa.

Wakuu, hofu ile siwezi kuwaeleza. Nikajua nimechagua chuma.

"Nekesa!"

"Nimenyamaza usikie injini," akasema.

Tukafika. Wakampasua. Msichana, mzima, na mama yake mzima.

Nilichojifunza: mwenye mjamzito aliye hatarini amsogeze karibu na hospitali mapema, asitegemee lori la mtu. Na mafundi, msitoe head kwenye majivu kwa sababu ya kelele, hata kelele za mama mkwe.

Nyinyi mngengoja? Semeni ukweli. Mimi mpaka leo sijui kama nilikuwa jasiri au niliganda tu kwa woga.

Sasa hivi Nekesa amegonga sufuria na kijiko, makusudi, kwa sababu anajua bado nashtuka.

"Imelia, mzee," anasema. "Njoo ule."