Sala ya mlangoni: jinsi baba mkubwa alivyowalea wanawe Kikristo

Wakuu, heshima kwenu wote, wa mjini na wa shamba.

Ninachoandika hapa sikusimuliwa na mtu. Nimekiona kwa macho yangu mawili, tena yakiwa wazi. Mtaona kwa nini nataja hilo la macho.

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa nasoma shule ya msingi, nakaa kwa baba mkubwa, kijijini Kirushya, kule Ngara. Baba mkubwa alikuwa mzee wa kanisa. Na si wa mchezo jamani, huyu alikuwa na koti la kanisani na sauti ya kanisani.

Alikuwa na watoto watatu wa kiume. Kila mgeni ilibidi asikilize habari za malezi. Eti vijana wake hawanywi, hawatukani, hawali bila kuomba. Eliya, mkubwa wao, alikuwa akiomba kanisani mpaka akina mama wanatoa leso.

Sasa sikieni usanii wenyewe.

Kwetu mtu akikukuta unakula, humwachi amesimama. Anakaribishwa, ananawa, anakula. Lakini akikuta mnaomba, adabu inamtaka asubiri nje mpaka amina. Baba mkubwa akaona upenyo hapo.

Wakimbizi walikuwa wanatoka kambini kutafuta vibarua. Unalima, unapewa chakula, basi. Asubuhi mzee aliwapokea kwa tabasamu, maana shamba lake la maharage lilikuwa kubwa. Mchana chakula kikishatengwa, ikisikika "hodi", yeye alikuwa na neno moja tu:

"Tuombe."

Hapo Eliya anafunika sufuria, mdogo wake anafunga mlango, wote macho chini. Wanaombewa wagonjwa. Wanaombewa viongozi, wajane, yatima, wasafiri. Halafu kwa sauti ya huzuni kabisa: "Na hawa ndugu zetu wakimbizi, Bwana, uwalishe."

Awalishe nini tena, mzee? Si ndizi hizo hapo chini ya mfuniko!

Siku moja alikuja mama mmoja Mrundi, mtoto mgongoni. Alikuwa amepalilia tangu asubuhi. Akasimama nje, na kila mzee alipovuta pumzi, yule mama akaitikia "Amina". Alidhani ni sala kweli. Aliitikia mpaka akachoka, kisha tukasikia hatua zake zikienda.

Baba mkubwa akamalizia mbio mbio: "Amina. Eliya, funua."

Tukala. Mzee akalalamika kwamba ndizi zimepoa.

Nilimchukia siku ile, sioni sababu ya kuficha.

Miaka ikaenda, kambi zikafungwa, watu wakarudi kwao. Mama mkubwa akafariki. Mzee macho yakafifia, akawa hawezi tena kukaa peke yake. Akaamua kwenda kumalizia uzee wake kwa Eliya, ambaye sasa naye ni mzee wa kanisa, na ana nyumba ya wageni pale Nyakanazi.

Nyumba ya wageni, wakuu. Mungu ana utani.

Mimi ndiye niliyemsindikiza. Kwenye basi kifua mbele: "Huyu nimemlea mwenyewe."

Tulifika mchana, harufu ya maharage inatupokea tangu barabarani. Mzee akagonga mlango wa nyumbani kwa Eliya.

"Hodi! Eliya mwanangu, ni mimi baba yako. Nimekuja kukaa."

Ndani vijiko vikanyamaza. Kisha sauti ya Eliya:

"Tuombe."

Haki ya Mungu, nilisikia na mfuniko ukigonga sufuria.

Wakaombewa wagonjwa. Wakaombewa viongozi, wajane, yatima, wasafiri. Mzee kasimama na begi lake, midomo inacheza, anafuata neno kwa neno. Ikafika mahali pake: "Na hawa ndugu zetu wakimbizi, Bwana, uwalishe."

Wakimbizi gani? Walisharudi kwao siku nyingi. Aliyebaki amesimama nje ni baba yake mzazi.

Nilitaka kuupiga mlango teke. Mzee akanishika mkono.

"Twende, mwanangu," akasema. "Hii naijua. Haiishi mpaka tuondoke."

Sasa anakaa kwangu, huku kijijini Bisibo. Sijisifu, maana kuna siku nikimtazama akila, yule mama wa Kirundi ananijia akilini. Lakini anakula cha moto.

Nilichojifunza ni hiki. Mtoto wa kiume hakariri sala tu, anaangalia pia mkono wako uko wapi wakati unaomba. Wangu wawili nimewafundisha sala fupi, ya pumzi moja, na aliye nje anaingia kwanza.

Wazee wa kanisa mliomo humu, na ninyi mnaojisifia malezi kila Jumapili, karibuni mtoe maoni. Hata wa kunitukana karibuni. Huku mlango uko wazi, na hakuna aliyefumba macho.